Sahani ya Kasuku Mchanga

Nyumba ikipata kasuku mchanga, kila mgeni huja na lake mkononi. Huyu atampa kipande cha sambusa, yule kijiko cha wali wa nazi, mtoto wa jirani atamtilia bisi tunduni, na mzee mmoja mwenye mapenzi ya kweli atamlisha tende aliyoitafuna mwenyewe, mdomo kwa mdomo. Yote hayo niliyashuhudia nyumbani kwa shangazi yangu, Muscat, mtaa wa Al Khuwair, mwaka alioletewa Lulu. Sisi watu wa Unguja hatujui kumpenda kiumbe bila kumlisha. Na kasuku naye anajua kuomba: anainama, anashusha mabawa, anatetemeka na kutoa kilio chembamba, mpaka anayemtazama ajione mkatili asipompa kitu.

Macho ya kasuku wa kijivu aliye mchanga ni meusi. Miezi ikienda yanaingia ukijivu, halafu yanapauka taratibu mpaka yawe ya manjano, na safari hiyo huchukua zaidi ya mwaka. Nilikaa na shangazi muda wote macho ya Lulu yalipokuwa yakigeuka rangi. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba hicho ndicho kipindi ambacho kasuku anaamua nini ni chakula na nini si chakula. Anachozoea wakati huo atakidai miaka yote iliyobaki, na miaka hiyo ni mingi: kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi 40, wengine hufika 60. Anayemlea kinda analea mwenzi wa nyumba ambaye huenda akawazika wenye nyumba.

Lulu alizaliwa Afrika Kusini, kwenye mashamba wanakozalisha kasuku wa kufugwa, akafika na karatasi zake. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ndiye aliyemnunua ili mama asikae peke yake mchana kutwa. Dukani walimwonyesha pia kinda mdogo zaidi, bado yuko kwenye uji, kwa bei nafuu. Wakamwambia kwamba ukimlisha mwenyewe kwa bomba atakupenda kuliko mtu yeyote. Binamu alikuwa ameshaonywa na daktari wa wanyama, akakataa. Ninashukuru sana kwamba alikataa.

Uji wa kinda la kasuku unataka joto la nyuzi 40 hivi, na unapimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole. Ukizidi moto kidogo tu unaunguza gole, ule mfuko wa shingoni ambamo chakula hutua kwanza, na jeraha huenda lisionekane mpaka siku kadhaa zipite. Ukiwa wa baridi, unalala humo humo na kuchacha. Ukipitishwa upande usio wake unaingia kwenye njia ya hewa, na kinda anakufa mkononi mwako. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Na hayo ya kupendwa zaidi si kweli: Lulu alikuja akiwa ameshaachishwa uji, na leo akisikia ndala za shangazi kwenye korido anaacha kila anachofanya.

Kuachishwa uji, hata hivyo, hakumaanishi kwamba amekomaa. Siku za mwanzo katika nyumba ngeni, Lulu alirudi utotoni. Alikuwa halii mbele ya bakuli; alimlilia mtu. Daktari akasema tusimnyime: apewe kitu laini na vuguvugu kwa kijiko, mara mbili kwa siku, na bakuli lake libaki limejaa muda wote. Shangazi akawa anaponda viazi vitamu vya rangi ya chungwa, anavionja joto kwa ndani ya kifundo cha mkono kama alivyokuwa akifanya kwa wanawe, halafu anamsogezea. Lulu alikishika kijiko kwa mguu asikiachie mpaka kikauke. Baada ya muda akakichoka mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na naamini ndiyo maana hakuwa ndege mwenye wasiwasi wa chakula.

Pamoja na tundu, dukani walitupa mfuko mkubwa wa mbegu, nyingi zikiwa alizeti, wakasema hicho ndicho chakula chake na hahitaji kingine. Nilipouweka mfuko juu ya kabati na kusema usifunguliwe, shangazi alinikabili.

“Mwanangu, ndege si mbegu? Mbona Mungu kampa mdomo wa kuvunjia?”

Swali lake lilikuwa la haki na lilistahili jibu. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha alizeti ni mafuta. Kalisiamu iliyomo ni ndogo, na vitamini A ni kama haimo. Ndege wa porini anayekula mbegu zenye mafuta huruka maili kwa maili na kuyachoma mafuta hayo hewani. Lulu anatoka kijitini mpaka begani kwa shangazi. Hata mfuko ukiandikwa kwamba ni mchanganyiko wa mbegu kumi, kasuku atachagua mbili anazozipenda na kuzimwaga nyingine chini. Nilimweleza shangazi hayo yote, akanisikiliza kwa adabu, lakini sikumwona akiamini.

Aliamini tulipokwenda kwa daktari wa ndege kumpima Lulu. Mbele yetu alikuwapo bwana mmoja na kasuku wake mtu mzima, aliyelishwa alizeti na karanga tangu utotoni. Ndege alikuwa ameanguka kutoka kijitini asubuhi ile, anatetemeka, kucha zimejikunja, kichwa kinakwenda nyuma. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa udhaifu huo kuliko kasuku wengi wengine: kalisiamu ya damu ikishuka, wanapata degedege. Akadungwa sindano, akatulia polepole kwenye taulo, huku yule bwana akifuta machozi bila kujificha. Shangazi alimtazama mpaka mwisho.

Zamu yetu ilipofika, daktari alimfungua Lulu mdomo kwa kifaa kidogo, akamulika tochi na kutuita tuchungulie. Kwenye paa la mdomo wa kasuku kuna mwanya, na kandokando ya mwanya huo kuna vijimwiba laini, vyeupe, vilivyochongoka. Vya Lulu vilisimama safi. Daktari akasema ndege aliyekosa vitamini A kwa muda mrefu vijimwiba hivyo hubutuka na kusagika, ukuta wa pua na koo hukakamaa, ndege huanza kupiga chafya, macho huvimba, na maradhi ya hewa hupata mlango. Nikamkumbuka kasuku wa jirani zetu kule Mji Mkongwe nilipokuwa mdogo, aliyekula wali mweupe, mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Alikuwa na uvimbe chini ya jicho na makamasi yasiyokauka. Tukisema ni upepo wa kaskazi.

Tangu siku ile, ubao wa kukatia mboga jikoni kwa shangazi ukawa na pembe ya Lulu. Msingi wa chakula chake ni pelleti za kasuku, ambazo zimesagwa na kugandamizwa pamoja ili asiweze kuchagua. Hizo huchukua zaidi ya nusu ya anachokula. Kinachobaki ni mboga, tena zile zenye rangi kali: boga, karoti, pilipili hoho nyekundu, viazi vitamu vilivyochemshwa, brokoli, sukuma wiki, majani ya mlonge ya mti wa jirani. Mchicha hupata mara moja moja, kwa sababu una asidi inayoifunga kalisiamu isitumike. Choroko na dengu shangazi anazilowesha na kuziacha zichipue, kisha anazisuuza vizuri kabla hajampa. Maharage yoyote yale yanapikwa mpaka yaive kabisa, maana maharage makavu yasiyopikwa yana sumu. Yai la kuchemsha hupewa kidogo, mara chache. Pilipili kali yeye anaitafuna na mbegu zake kwa raha zote. Ndege hawausikii ule ukali unaotuunguza sisi ulimi.

Matunda ni kidogo, kwa sababu ya sukari: papai, embe, chungwa, kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Isipokuwa msimu wa makomamanga ya Jabal Akhdar, hapo shangazi hulegeza kamba. Lulu hupewa kipande chenye punje zake, anakishika kwa mguu wa kushoto, anazichomoa punje moja moja na kuzipasua kwa ncha ya mdomo. Anakunywa maji yake, anaacha ngozi. Akimaliza, manyoya ya kifuani yana madoa mekundu, na ukuta nyuma ya tundu pia.

Haya hayakuja kwa siku moja. Karoti ya kwanza aliirusha. Ya pili aliirusha mbali zaidi. Wengi hapo ndipo wanaposema kasuku wangu hapendi mboga, na mfuko wa alizeti unafunguliwa. Shangazi hakufanya hivyo. Aliambiwa kwamba kinda la kasuku hujifunza chakula kwa kuwatazama wakubwa wa kundi wakila, na kundi la Lulu ni sisi. Kwa hiyo akawa anaketi mbele ya tundu na sahani yake ya karoti mbichi, anatafuna kwa sauti, anasema “mmm”, wala hampi. Lulu alisogea mpaka mwisho wa kijiti, akanyoosha shingo. Alipopewa, aliipokea. Karoti tukawa tunampa kwa maumbo tofauti: iliyokunwa, iliyokatwa vijiti, iliyochemshwa, iliyotundikwa kwa uzi. Ndege mchanga ana udadisi mwingi, na udadisi huo ukitumiwa mapema hufungua milango ambayo kwa ndege mzima huwa imeshajifunga.

Muscat wakati wa joto si mahali pa kusahau chakula chenye majimaji. Mboga na matunda yanayobaki yanaondolewa baada ya saa moja au mbili, hata kiyoyozi kikiwaka, na maji ya kunywa yanabadilishwa asubuhi na jioni, kwa sababu kasuku hupenda kuchovya chakula humo na kuyafanya mchuzi.

Lakini hatari kubwa ilikuwa kwenye vyakula vya fahari ya nyumba. Shangazi hutengeneza juisi nzito ya parachichi kwa wageni, na parachichi ni sumu kwa kasuku. Huushambulia moyo na mapafu, na kipande kidogo kinaweza kumuua. Kahawa ya iliki, ambayo hapo nyumbani haikauki, ina kafeini isiyomfaa moyo mdogo unaodunda mamia ya mara kwa dakika. Chokoleti ni vivyo hivyo. Vitunguu maji na vitunguu saumu haviruhusiwi, na vimo katika kila mchuzi wa pwani. Chumvi ya papa mkavu, ya achari, ya bisi: mwili wa gramu 400 na kitu hauna pa kuipeleka. Maziwa hawezi kuyameng'enya. Mbegu za tufaha na kokwa za pichi zina sianidi, basi tufaha hupewa bila moyo wake. Tende alipewa punje ndogo siku ya Idi, na halua hakuionja kamwe.

Na mate ya binadamu. Hilo lilikuwa gumu kulisema, kwa kuwa mzee aliyemlisha tende iliyotafunwa ni mtu wa heshima na alikuwa akimfanyia hisani. Midomo yetu ina bakteria ambao kwetu ni wa kawaida na kwa kasuku ni maradhi, hasa akiwa mchanga. Shangazi alilimaliza bila kumvunjia mtu uso. Aliweka kibakuli kidogo chenye kifuniko kando ya tundu, ndani yake choroko zilizochipua, punje za komamanga na vipande vya hoho. Mgeni akinyoosha mkono na sambusa, shangazi husema, “Ami, mpe kutoka hapa, hiki ndicho anachokipenda kutoka mkononi mwako.” Mgeni anatoa, Lulu anapokea, mapenzi yamefika. Katika mambo yote ya mwaka ule, kibakuli hicho ndicho ninachokisifu kuliko yote, kwa sababu kiliwaacha watu waendelee kulisha.

Karanga zilikuwa na habari yake. Watu wetu wanalijua neno sumukuvu kwa uchungu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Ukungu unaoitoa sumu hiyo huota pia kwenye karanga zilizohifadhiwa vibaya, hasa zenye maganda yake, na kasuku ana ini dogo lisilostahimili. Daktari alitukataza karanga kabisa. Badala yake Lulu hupata lozi moja au jozi iliyopasuliwa, kama zawadi ya mazoezi.

Jikoni penyewe hakai. Vikaango vile visivyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke ambao mtu haunusi, na ndege hufa kwa dakika chache. Shangazi alivitoa, akarudi kwenye sufuria zake za chuma cha pua. Udi na ubani navyo vikahamia chumba cha mbali, mlango umefungwa, siku za kufukiza. Kwa mwanamke wa Unguja aliyezoea nyumba nzima inukie, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kuacha parachichi, na alilifanya bila kunung'unika.

Nilidhani kalisiamu ni suala la sahani peke yake, mpaka daktari alipouliza Lulu anaota jua wapi. Tulimwonyesha kwa furaha picha ya tundu karibu na dirisha kubwa. Akatueleza kwamba kioo huzuia miale ya urujuanimno ambayo mwili hutumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalisiamu inayoliwa haifiki inakotakiwa. Nchi yenye jua namna ile, na ndege hapati hata chembe! Tangu hapo, asubuhi na mapema kabla joto halijapanda, tundu hutolewa roshani, upande mmoja ukiwa na kivuli, na mtu anakaa naye.

Jirani mmoja, ambaye wazee wake walitoka Ujiji, aliposikia habari za vitamini A alicheka, akaenda kwake na kurudi na chupa ya mawese kutoka Kigoma, mekundu, mazito. Akasema Kongo kasuku wa porini wanashukia michikichi kula ngazi zake. Ni kweli kabisa: tunda la mchikichi ni chakula chao cha asili, na wekundu wa mawese ni karotini ile ile inayogeuka vitamini A mwilini. Tone moja juu ya boga, mara moja moja, likaingia kwenye sahani ya Lulu. Alilamba bakuli.

Huko porini pia kasuku hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula. Anapasua, anabandua, anachimba. Ukimwekea bakuli limejaa, anamaliza kula kwa robo saa na kubaki siku nzima bila kazi. Wengi wao hugeukia manyoya yao wenyewe na kuyanyofoa. Shangazi akaanza kumfichia pelleti ndani ya makumbi ya nazi, kwenye karatasi zilizosokotwa, ndani ya kifuu kilichotobolewa. Mchana nyumba ilijaa sauti ya kukwaruza, na chini kulijaa takataka ambazo hakuna aliyezilalamikia. Kila asubuhi, kabla hajala, Lulu hupanda mizani ya jikoni kwa hiari yake, akapata jozi yake, na uzito unaandikwa ukutani. Kasuku huficha ugonjwa mpaka awe hoi, na mizani ndiyo hutoboa siri mapema: akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani Afrika Mashariki kuna jambo lazima nilitaje. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, mpaka Kakamega, na anatoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Ghana imepoteza asilimia 90 hadi 99 ya kasuku hao tangu 1992. Mwaka huo huo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, mjini Johannesburg ulimhamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Makinda wanaouzwa kwa siri ndani ya vikapu na maboksi, wakiwa bado hawajui kujilisha, hufa wengi njiani kabla hata mnunuzi hajawaona. Usinunue huyo, hata kwa nia ya kumwokoa. Pesa yako ndiyo itakayompeleka mtegaji msituni tena.

Kama tayari unaye, kwanza ulizia kibali chake kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako. Kisha mtafutie daktari anayejua ndege. Na kama amekuzwa kwa alizeti, usizikate ghafla, maana kasuku anaweza kufa njaa mbele ya bakuli la chakula asichokitambua. Zipunguze kwa majuma, changanya na pelleti, kaa mbele yake ule karoti, mpime kila siku. Ukiwa na kinda, anza leo, kabla macho yake hayajageuka rangi.